Kifo Alichokingoja Bibi

Jumapili mchana shangazi alinipeleka sinema, kwenye onyesho la wanawake peke yao, tukatazame filamu ya Kihindi. Jambazi alipomchoma kisu yule kijana mzuri, ukumbi mzima uliangua kilio. Shangazi alisimama juu ya kiti akamtukana muuaji mpaka sauti ikamkauka kabisa.

Na msimulizi wa filamu kwa wasiokwenda ni yeye! Nyumbani Kariakoo, bibi, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka, alikuwa ameketi uani na wanawake wote wa nyumba, wanangoja kisa. Shangazi akaninyooshea kidole tu. Mimi, ambaye darasani nikiulizwa jambo natazama viatu.

Nilisimulia mbiombio, macho kwenye mkeka. Nilipofika kwenye kisu nikamhurumia bibi, nikasema kijana alipona, akaoa.

"Alipona?" bibi aling'aka. "Nimeshinda na leso mkononi tangu adhuhuri, wewe unaniletea harusi? Damu ilitoka wapi?"

Shangazi, bila sauti, akajigusa kifuani. Msaliti!

Basi nikashika mwiko, nikajichoma, nikayumba, nikamwita mama yangu, nikaanguka chali. Uani pakalipuka vilio, na bibi akalia mpaka akaridhika. Mara jirani akaingia mbio, kanga kichwani.

"Jamani, nani amefariki?"

"Kaa hapo, mwanangu," bibi akamjibu, anajifuta machozi. "Haya mjukuu wangu, kufa tena, mwenzetu hajaona."

Nikafa tena, na safari hii sikuwa na haraka hata kidogo.