Bi Endelea na Neno Asilolisema

Waongozaji wa filamu hutambulika kwa maneno mawili: la kuanzisha kazi na la kuikomesha. Mwanamke huyu alikuwa na la kwanza tu. Akishasema "haya, anzeni", alikaa kwenye stuli yake ya mbao, akakunja mikono, na waigizaji wakajua kwamba nyumbani watarudi Mungu akipenda. Neno "kata" hakulisema kamwe. Mtu akimaliza maneno yake na kumtupia jicho la kuomba msaada, jibu lilikuwa lile lile: "Endelea." Wakambandika jina la Bi Endelea. Hakupinga.

Hofu yake ya neno hilo haikutokana na falsafa, ingawa mwandishi mmoja wa gazeti alikuja kumtungia falsafa ya kurasa mbili. Ilitokana na simu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kazi katika duka la ushonaji la mama yake: chumba kimoja, vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, na simu ya mezani iliyofungiwa kwenye kisanduku ili wateja wasijipigie. Siku hiyo alikuwa ameshika mkasi juu ya satini ya gauni la bibi harusi, akimsubiri mama akague mistari ya chaki. Simu ikalia, mjomba akaipokea. Aliyepiga alikuwa mteja wa kola, yule ambaye kola zote duniani zinamkaba. Alipofika dakika ya kumi ya malalamiko, mjomba akamgeukia dada yake kwa macho ya kuuliza afanyeje.

"Kata!" mama akafoka.

Mjomba akakata. Binti naye akakata. Tofauti ni kwamba simu inaweza kupigwa tena.

Bibi harusi aliolewa amejifunika mtandio mgongoni, katika joto la kuyeyusha mishumaa, na hadi leo picha zake zinasifiwa kwa heshima yake. Mama hakupiga kelele. Aliuinamia mgongo wa lile gauni, akaupitisha mkanda wa kupimia, akasema, "Si mbaya. Mkato umenyooka." Tangu hapo, kila alichofanya binti yake, kiwe kifungo au koti zima, kilipewa alama hiyo hiyo: si mbaya. Miaka ikapita, alama haikupanda.

Kwenye filamu aliingia kwa mlango wa jikoni. Shemeji yake, mume wa dada mkubwa, alikuwa mpiga video wa harusi, mtu mpole mwenye njaa ya kudumu. Kwenye harusi moja Bi Endelea alikwenda kurekebisha pindo la gauni, na shemeji akanusa harufu ya chakula.

"Shemeji, nishikie hii kamera. Ukiona kitu kinatokea, bonyeza."

Ubaya ni kwamba kwa macho yake kila kitu kilikuwa kinatokea. Familia iliyoagiza hotuba na keki ililetewa dakika arobaini za baba wa bibi harusi akitafuta miwani iliyokuwa juu ya paji lake la uso. Walikuja juu. Baada ya hapo wakawa wanaiangalia kila Jumapili, na wageni wakialikwa, keki inarukwa.

Filamu yake ya kwanza ilihusu watu wanaopanda ngazi kwa sababu lifti imeharibika. Ilichukua saa mbili. Gazeti likaandika kwamba imeachwa bila mwisho kwa ujasiri wa kipekee. Ukweli, betri ilikwisha. Lakini alikuwa ameshagundua alichokuwa anakitafuta: mtu akimaliza kuigiza na asiambiwe basi, anajikuna, anapiga miayo, anarekebisha kamba ya ndani ya nguo, halafu, akishasahau kwamba yuko kazini, anasema kitu cha kweli.

Ndivyo kilivyonaswa cha mama yake.

Katika filamu ya tano mama alipewa nafasi ya mama mkwe anayekunja mashuka pamoja na jirani yake halisi, muuza vifungo wa mlango wa pili. Maneno yake yalikuwa matatu: "Mgeni hajafika bado." Akayasema vizuri. Akasubiri. Akakunja shuka la pili, la tatu. Kwenye shuka la sita akaamini mashine imezimwa, akamwinamia jirani.

"Unamwona mwanangu pale kwenye stuli? Yule anajua kazi. Anaona mpaka kwa kisogo. Si kama yule mwenye ukumbi, suruali yake nimeipanua kiuno mara nne mwaka huu na bado akija kupimwa anabana pumzi."

Yote kwa pumzi moja, bila mahali pa kupitisha sindano.

Mwenye ukumbi ndiye aliyekuwa na ukumbi pekee wenye skrini katika mji ule, na kila filamu aliiona kwanza peke yake, amejaa kwenye kiti cha mbele. Mashuka yalipofika la saba, akasimama.

"Dada, huyo mama aondoke."

"Aondoke wapi?"

"Kwenye filamu. Yeye na mashuka yake. Akibaki, Jumamosi katafute ukumbi mwingine, kama unaujua."

Hakuujua. Jioni hiyo akampeleka mama kwenye kompyuta ya shemeji, nyuma ya duka, akamwonyesha. Mama akatazama hadi mwisho, uso umekakamaa.

"Kiuno cha mteja!" akasema. "Miaka thelathini na nne hakijatoka kiuno cha mtu kwenye mlango huu. Kata."

Bi Endelea akakunja mikono.

"Nimesema kata."

"Uliwahi kusema hivyo, mama."

Shemeji akapata kikohozi cha ghafla.

"Na lile la kabla ya kiuno?" binti akauliza.

"Lipi?"

"Kwamba najua kazi."

Mama akaanza kutafuta sindano, ambayo ilikuwa imechomekwa kifuani pake. "Nilidhani mashine imezimwa."

"Ndiyo maana silikati. Mashine ikiwaka unaniambia si mbaya."

Mama alikwenda kwenye cherehani yake, akatia suruali ya mtu chini ya sindano, akakaa akiipa mgongo kompyuta. Shemeji akabonyeza kile kipande kianze tena. Mashuka, jirani, "yule anajua kazi", "anaona mpaka kwa kisogo". Hapo mama, asitake kuisikia sauti yake, akakanyaga pedali kwa hasira zote. Cherehani ikanguruma, na kiuno cha mwenye ukumbi kikazama humo, chote, mpaka pumzi ya mwisho.

Binti akainua kichwa.

"Mama," akasema polepole, "endelea."

Shemeji alikuwa ameshachomeka kinasa sauti.

Mwenye ukumbi alipoonyeshwa tena, aliona midomo ya mama ikichezacheza huku cherehani ikilia. Akafikiri sana, mkono tumboni. "Hapo sasa," akasema.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulijaa. Shuka la sita lilipokunjwa na cherehani ikaingia katikati ya sentensi, watu waliangua kicheko, maana kila mmoja aliyajaza mwenyewe maneno yaliyokosekana, na aliyajaza kwa habari za jirani yake. Mwenye ukumbi alicheka kuliko wote, amesimama mlangoni, amebana pumzi.

Taa zilipowashwa, mwanamke wa kiti cha nyuma akamgusa mama begani.

"Mama, hivi pale ulisema nini?"

Muuza vifungo, aliyekaa pembeni, akabana midomo kama mtu mwenye pini kinywani.

"Nilisema mwanangu anajua kazi."

"Hilo tumelisikia. Baada yake?"

Mama akamtazama mwenye ukumbi kule mlangoni. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi mikono mitupu, bila kamera, shemeji akiwa ameshakwenda kutafuta chakula.

"Baada yake," akasema, "nilikuwa nashona."