Muhuri wa Kuchapia Maua

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo sijaisahau hata kwa uzee huu. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kijijini kwetu karibu na Kiomboi, nami nina mimba yangu ya kwanza. Mume wangu Mkumbo, kijana mwenye mikono mizuri na hasira za karibu, alikuwa akitengeneza mkanda wa ngozi wa mbeleko ya mtoto wetu. Kilichobaki ni kuuchapa maua, ua lilelile toka mwanzo wa mkanda hadi mwisho.

Mihuri ya mti alishaichoka, maana ililika upesi na maua yakafifia. Safari hii akachukua tindo kuukuu ya chuma, akachonga ua kwenye ncha kwa tupa, akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaitumbukiza majini. Akajiona fundi kwelikweli! Kugonga mara ya kwanza tu, ua likakatika vipande.

Akatupa nyundo. "Kazi hii imenishinda. Kesho najiandikisha manamba, nakwenda Tanga kukata mkonge."

Waliokwenda mkonge nawajua, na wake zao niliwaona walivyobaki.

Mama mkwe wangu alikuwa akichambua mboga. Alikuwa binti wa mhunzi, na ulimi wake, Mungu amrehemu, haukuwa na breki. "Mkumbo! Mtoto hajazaliwa, wewe umeshamkimbia? Chuma umekitia ugumu tu, hujakibembeleza. Kitaachaje kuvunjika?"

Nikadhani amemaliza. Kumbe wapi! Akaacha mboga zake, akaketi kando ya moto karibu na mwanawe, akashika koleo. Mkumbo akachonga ua jingine huku amenuna, akaipasha tindo na kuitumbukiza majini kama mwanzo. Walipoitoa wakaisugua ncha ikang'aa, kisha wakaipasha tena juu ya makaa, polepole, kuanzia kwenye shina, mpaka ncha ikageuka rangi ya asali. "Sasa chovya," mama akasema. Kufikia hapo walikuwa wakitaniana, na mboga zimenyauka juani.

Muhuri ule haukuvunjika. Mkumbo akailowanisha ngozi, akagonga ua baada ya ua, na la mwisho likatoka safi sawa na la kwanza. Habari za Tanga sikuzisikia tena kinywani mwake.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, karipia inapobidi, lakini usimwache mtu wako palepale na maneno yako. Ugumu mtupu humvunja. Sogea, keti naye, shika upande mmoja wa kazi mpaka aiweze. Mama mkwe nilikuwa namwogopa tangu nilipoolewa. Siku ile nilimpenda, na mpaka leo nikimtaja machozi hunitoka.

Mungu akujalie nyumba ambayo mtu akikosea, hatafuti njia ya kuondoka.