Mlezi wa Mtoto Asiyelia

Saa mbili asubuhi, Shangazi anaingia chumba cha watoto wachanga huku akifunga mikanda ya aproni. Vitanda kumi na viwili vimepangwa safu mbili. Kwenye kitanda cha tatu, mtoto wa miezi kumi na mmoja anageuka, anamwona, anaangua kilio na kumnyooshea mikono.

"Huyu anataka kujua jana nilikuwa wapi," anasema, akimwinua.

Shangazi ni jina alilopewa na wenzake katika kituo hiki cha watoto waliotelekezwa, ambako amefanya kazi kwa miaka kumi na tisa. Mtoto naye walimwita Kimya.

Kimya aliletwa akiwa na miezi mitatu. Hakulia kwa njaa wala kwa nepi iliyolowa. Wageni walimsifu kwa utulivu wake.

"Mimi roho haikutulia," anasema Shangazi. "Mtoto mzima hukusumbua. Huyu alikata tamaa kabla hajaota meno."

Wakati huo walezi sita walipokezana chumba kizima, na waliambiwa wasimzoeshe mtoto yeyote mikono yao. Shangazi alikaidi. Alimlisha Kimya mwenyewe, akaja hata siku zake za mapumziko. Msimamizi akamwandikia barua ya onyo.

"Nikamwambia, dada, ukitaka nifukuze, ila kwanza kaa naye nusu saa."

Msimamizi alikaa. Mtoto hakumtazama hata mara moja. Wiki iliyofuata aliitwa mwanasaikolojia wa watoto.

Mtaalamu huyo aliwaeleza kwamba zamani ilidhaniwa mtoto humpenda anayemlisha kwa sababu ya chakula tu. Nadharia zilizofuata zikasema anatafuta usalama: mtu mmoja, au wachache, wanaomwitikia kila anapowahitaji. Akiwa na hakika nao, huthubutu kutambaa mbali, akiogopa, huwarudia.

"Asiyelia anapoachwa huenda si jasiri," aliwaambia. "Huenda amejifunza kwamba kulia hakuleti mtu."

Barua ya onyo ilifutwa. Kila mlezi akapewa watoto wake wawili. Miezi miwili baadaye, Shangazi alitoka kufuata maji ya moto, Kimya akapiga ukelele. Walezi wote waliacha walichokuwa wakifanya.

"Nilirudi mbio, nikalia na mimi. Aibu tupu."

Mwezi ujao Kimya atapata wazazi wa kumlea. Zamani mtoto alichukuliwa siku ileile karatasi zilipotiwa saini. Shangazi ameomba wiki tatu, na amekubaliwa: mama mpya aje kila siku, kwanza akae karibu tu, kisha amlishe, kisha amwogeshe. Mwanasaikolojia anasema aliyewahi kumwamini mtu mmoja anaweza kumwamini mwingine, mradi asinyakuliwe.

Shangazi anamfuta mtoto makamasi. Siku ya kuondoka, anasema, hatajificha. Atamkabidhi mtoto akiwa macho, si usingizini.

"Atanililia, najua. Ila nikienda kumtembelea baada ya miezi michache, naomba ajifiche nyuma ya gauni la mama yake, aniangalie kama mgeni."

Kisha anamlaza begani, anaenda kumwogesha.