Kibao cha Kumpokea Mama

Kazi yangu ni kupokea watu. Nyumba ya wageni ninayoisimamia Shela haina dawati la mapokezi. Ina baraza, simu na mimi. Mgeni hunitumia saa ya ndege yake, nami humtafutia mwenye boti wa kumfuata Manda, kwa kuwa uwanja wetu wa ndege uko kisiwa cha ng'ambo na gari halimsaidii mtu kitu. Kisha huchukua kipande cha katoni na kalamu nene, nikaandika jina la mgeni kwa herufi za kuonekana mbali. Nimeandika majina ambayo mpaka leo sijui yanasomwaje. Kuna mwenye boti mmoja aliyekuwa akiyashika kichwa chini miguu juu, na wageni wakamjia vivyo hivyo.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia kutoka Oman akilia, nilijiona mimi ndiye mtu hasa wa kupigiwa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, imeingia mwezi wa tisa. Kwetu uzazi wa kwanza ni shughuli ya mama mzazi. Binti humwendea mamake, au mama humwendea binti, lakini siku hizo hawatengani. Tikiti ya mama ilikwisha kukatwa. Ilikuwa apokewe Maskati na shemeji yangu, lakini shemeji ni baharia wa meli za mafuta na alikuwa ameitwa kazini ghafla, na daktari amemwamuru mdogo wangu alale kitandani asisogee. Kutoka uwanja wa ndege hadi mji wanaokaa ni mwendo wa saa mbili kwa gari, na huko hawana jamaa hata mmoja.

"Nikizaa peke yangu takufa, dada," aliniambia.

"Hufi. Tamtafutia mama gari."

"La kukodi, la peke yake. Dereva amngoje mlangoni na kibao."

"Mambo ya vibao niachie mimi," nikasema, kichwa kikiwa kimenivimba kidogo.

Nakiri kwamba pamoja na huruma nilikuwa na hamu. Miaka yote nimekaa upande mmoja wa kazi hii. Upande wa pili, wa yule anayeandika kutoka mbali na kumkabidhi mtu wake kwa asiyemjua, sikuwahi kuuona. Siku ile ile nilikwenda Amu mjini kwa mguu, nyumbani kwetu, nikamkuta mama ukumbini akipepeta habasoda ya kumpelekea mzazi. Nikakaa karibu naye, nikafungua tovuti ya kampuni moja ya magari ya huko.

Ilikuwa kama kuchungulia jiko la jirani, na mimi nilitaka kufunua kila sufuria. Waliuliza namba ya ndege, kwa sababu wao huifuata ndege angani kwenye kompyuta. Ikichelewa, dereva naye huchelewa. Sisi ndege ya Manda tunaisikia kwa masikio, kisha mwenye boti anawasha mashine. Waliuliza idadi ya mabegi, wakauliza kama kuna kiti cha mtoto, kama kuna mbwa, kama kuna fimbo za gofu. Waliahidi kwamba dereva atangoja saa nzima baada ya ndege kutua, ikipita hiyo ataondoka. Hapo nilisita kidogo. Wageni wangu mimi hungojwa mpaka waonekane.

Nilimwonyesha mama picha ya gari. Mama amepanda magari mara chache maishani mwake, kila mara akianzia Mokowe, upande wa bara, na kila mara akijua dereva ni nani.

"Mwenye gari ni mwana wa nani?" akauliza.

"Hawaandiki, mama. Wanaandika nyota. Huyu ana nyota tano kasoro kidogo."

"Nyota za nini?"

"Watu waliompanda ndio wanaompa."

"Na hao watu ni wana wa nani?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Alitoa masharti yake, nami nikayaandika yote kwenye kisanduku cha maombi maalumu, kwa Kiingereza changu cha kazini: abiria atakaa nyuma, muziki usipigwe, gari lisimame msikitini wakati wa sala, kikapu chenye asali na mafuta ya simsim kisilazwe ubavu. Sijui kama kuna mtu huko aliyekisoma kisanduku hicho. Ningekuwa mimi ningewaita wenzangu wote waje wasome.

Kisha nikafika kwenye mstari wa jina. Jina la abiria, fomu ilisema, kama litakavyoandikwa kwenye kibao. Vidole vyangu vikaanza kuandika jina la mama, naye akauliza naandika nini.

"Ina lako. Dereva atalishika juu, ulione."

Akauweka ungo chini.

"Ina langu? Alishike mtu mume, kwenye nti ya watu?"

Mama ni mwanamke wa nyumba za kale. Jina lake linajulikana na jamaa zake, na kadhi aliyemwozesha, na pasipoti. Mtaani ni mama wa fulani, na huyo fulani ni mimi, kwa kuwa ndimi kifungua mimba wake. Hata mwenye duka anayemuuzia sukari tangu sijazaliwa hamjui kwa lingine. Mwanamume mwenye heshima zake halitaji jina la mamake barabarani, na mwanamke mwenye heshima zake halitundiki lake.

Hasira zilinipanda. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani, kwamba mimi huandika majina ya wanawake kila siku na sijaona hata mmoja aliyepungukiwa na kitu, kwamba binti yake amelala peke yake huko na sisi tunabishana juu ya karatasi.

"Hao si mimi," akasema. "Andika ina la babako. Mui mzima wayua nyumba hii ni ya nani."

Baba alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Lakini nyumba bado inaitwa kwa jina lake, umeme uko kwa jina lake, na nikimtuma mtu kwetu, jina la baba ndilo linalomfikisha mlangoni. Niliona mama amepata jibu, tena jibu lenye akili kuliko langu. Nikaandika jina la baba, nikaomba liwekwe kwa herufi za Kiarabu, maana herufi za Kizungu mama hazisomi. Nikabonyeza, na uthibitisho ukaja hapo hapo. Nilijipongeza njia nzima hadi Shela.

Mama aliondoka siku ya tatu yake. Nairobi alipokewa na binamu yangu, akamshika mkono hadi mlango wa mwisho anaoruhusiwa mtu asiyesafiri. Alasiri, ndege yake ikiwa imekwisha kutua Maskati, nilikuwa barazani nawapa wageni wawili maji ya ukwaju, simu ikalia. Alikuwa mdogo wangu.

"Uchungu umeanza," akasema. "Jirani amenifikisha hospitali, amerudi kwa wanawe. Mama yuko wapi?"

"Yuko ndiani," nikamwambia, na niliamini hivyo.

Nilipokata simu niliona ujumbe wa dereva. Bwana hajatoka, alikuwa ameandika. Abiria wote wa ndege ile wametoka, na zimebaki dakika ishirini na tano.

 Nilimjibu kwamba si Bwana, ni mwanamke, mtu mzima, amevaa buibui jeusi. Akajibu kwa adabu kwamba ukumbi mzima umejaa wanawake watu wazima wenye mabuibui meusi. Ana kikapu cha ukili, nikaandika. Nikampigia mama mwenyewe, simu yake haikushika mtandao wa ng'ambo. Wageni wangu walikuwa wakiniuliza saa za maji kujaa, nikawajibu sijui nini. Nilikuwa nikimwona mama amesimama katikati ya umati ule na asali yake, na dereva anaingia garini anaondoka, na mdogo wangu anaita mtu asiyekuja.

Kisha simu ikalia, ya kuonana uso kwa uso. Nikaona uso wa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya kudarizi, na nyuma yake benchi, na kikapu, na mama.

"Bibi huyu amekaa mbele yangu muda wote," dereva akaniambia kwa Kiswahili, kama Waomani wengi wanavyokijua. "Anakitazama kibao, haangalii pengine. Nimemwendea nikamuuliza kama anamjua huyu Bwana. Ameniambia ndiyo. Nikamuuliza ni nani, akanyamaza."

Bila shaka alinyamaza. Sijamsikia mama akimtaja baba kwa jina hata siku moja. Alikuwa "babako", alikuwa "mwenye nyumba", na alipokufa akawa "marehemu". Wala asingeweza kumwendea mwanamume asiyemjua mbele ya halaiki. Kwetu mwenyeji ndiye anayemfuata mgeni. Yote haya nilikuwa nikiyajua, nimelelewa nayo, na bado nilimpeleka mamangu ng'ambo na jina moja tu la kumpitisha, nalo ni jina ambalo mdomo wake haulisemi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Huyo ndiye abiria wako," nikamwambia dereva. "Mchukue, tafadhali. Binti yake anazaa sasa hivi."

"Mimi nimeandikiwa Bwana," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Kampuni inataka jina la kibao lifanane na pasipoti, na nipige picha nitume. Nikimchukua asiyekuwemo, kazi sina. Mwambie Bwana mwenyewe anipigie, athibitishe."

"Hawezi kupiga. Amekufa."

Akakitazama kibao kilichokuwa mkononi mwake. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. "Lini?"

"Miaka sita."

 Nadhani hakuwahi kutumwa kumpokea marehemu wa miaka sita. Kisha akanieleza kwamba njia ni moja tu. Nibadilishe jina kwenye mtandao, ujumbe mpya umfikie, aandike kibao upya. Picha ya pasipoti ilikuwa simuni mwangu. Niliandika jina la mama herufi moja moja, na sikumwomba ruhusa kwanza kwa sababu niliogopa atakataa. Nilipokwisha kubonyeza ndipo nikamwambia dereva ampe simu.

"Mama, uchungu umemshika. Yuko hospitali. Nimeandika ina lako, huyu bwana ataliandika kibaoni. Niwie radhi."

Nilingoja maneno makali. Uso wake ulikuwa umejaa kioo chote cha simu, na hakuwa amekasirika.

"Yu peke yake?" akauliza.

"Peke yake."

"Basi na aandike. Na aandike upesi."

Dereva aliichukua simu, akaiegemeza kwenye kikapu ili mikono yake iwe huru. Akaligeuza karatasi lile lile la baba, akaandika upande wa nyuma, ameinama watu wasione. "Kwetu sisi pia hatuyataji ya mama zetu," akaniambia kwa sauti ndogo. "Anisamehe." Lakini sheria ya kampuni ilikuwa lazima asome na abiria akiri. Akasimama mbele ya mama, kibao amekishika kifuani wala si juu, akamsomea: jina lake, na la babake, na la babu yake.

"Labeka," mama akaitika.

Hivyo ndivyo mtoto wa kike wa kwetu anavyomwitika mkubwa wake. Niliitika hivyo mimi nilipokuwa mdogo, nikiitwa na yeye kutoka ghorofani. Lakini sauti ile ya mama sikuwa nimeisikia. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, sauti ya msichana aliyeitwa akakimbia. Bibi, mama yake, ndiye mtu wa mwisho ninayemkumbuka akimwita kwa jina hilo, nami wakati huo sikuwa nimeanza shule. Nililia pale barazani mbele ya wageni wangu, kwa haya na kwa utamu usioelezeka, kwa sababu umri wote huu nilidhani namjua mamangu na kumbe nilikuwa nikimjua kuanzia kwangu tu.

Picha ilipigwa, kikapu kikawekwa wima, gari likaondoka.

Yaliyobaki nilisimuliwa na mdogo wangu. Alikuwa amelala nyuma ya pazia, maumivu yamekaribiana, hajui tena saa ngapi. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwanamume mwenye daftari, kazi yake kumzuia kila asiyekuwemo. Mdogo wangu akamsikia anauliza mtu, kwa ukali, wewe nani. Na mtu huyo akajibu kwa sauti kubwa, ya kusikika chumba kizima, akajitaja jina lake na la babake na la babu yake. Mdogo wangu hakuwa amewahi kulisikia jina hilo likitoka kinywani mwa mwenyewe, na kwa hilo akajua mama amefika.