Jiwe la Mwisho

Koleji yetu ilianzia majini. Banasema hivyo na kiburi: bamisionere ba zamani balifika na mutumbwi, bakapanga ngazi ya mawe toka ziwani mbele ya kujenga hata nyumba moja. Kwa sababu ile, kila mwaka banafunzi bapya banashuka mupaka jiwe la mwisho, banachota maji na mikono, banajimwangia ku kichwa. Asiyeshuka si mutoto wa koleji. Atasoma, ndiyo, lakini ku meza ya chakula hakuna atakayekaa karibu naye.

Lakini ziwa limepanda. Jiwe la mwisho sasa liko chini ya maji, ndani ya matete, unalitafuta na mguu. Hakuna aliyesema tuishie kwa jiwe la juu.

Mimi nilivuka ziwa hili nikiwa mudogo, tukikimbia vita. Ninajua namna maji inanyamaza. Nilimaliza sekondari, nikazaa, nikangoja, mwisho koleji ikanipokea na mutoto mugongoni. Wiki ile ile mbwa wa mulinzi alishuka kunywa pale ku ngazi, hakurudi. Bakubwa bakasema amefuata jike kule kijiji cha Mununga. Mbwa wa miguu mitatu! Bamama ba kufua nguo balikuwa bamekwisha kuhamia kwa bomba, na hakuna profesa aliyebauliza sababu.

Siku yenyewe kiongozi wa banafunzi alisimama juu ya ngazi na joho lake jekundu.

“Ba mayo, mama wa mutoto, shuka! Maji haiumi.”

“Shuka weye kwanza,” nikamujibu.

“Mimi nilishuka mwaka jana.”

“Mwaka jana jiwe lilikuwa linaonekana.”

Bakacheka. Mwalimu mumoja muzee akanisogelea polepole. “Binti yangu, tangu koleji iko, hakuna mutu alipotea hapa.”

“Na mbwa?”

“Mbwa si mwanafunzi.”

Bakacheka zaidi. Halafu yule wa joho akashika kitenge nilichobebea mutoto, akaanza kufungua fundo. “Lete na mutoto, tumubatize! Atakuwa profesa!”

Nilimupiga kofi. Ndiyo, mbele ya bote. Mutoto akalia, na kule chini matete yakatikisika, na upepo haukuwako. Binti mumoja alikuwa tayari maji mupaka kiuno, anapapasa na mguu. Nilipiga kelele atoke. Akageuka, akanitolea ulimi, akaendelea.

Balitoka bote, bazima, bamelowa, banaimba. Hicho ndicho kinanikasirisha mupaka leo. “Si uliona?” bananiambia kila siku, na sahani zao mikononi, bakipita kizingiti cha chumba cha kula, ninapokula na mutoto peke yetu. Asubuhi hii mulinzi ameniambia jiwe lingine limezama. Bapya banafika mwezi ujao. Mimi nitakaa juu ya ngazi ile, na mutoto wangu mugongoni, miguu nimetandaza. Anayetaka kubapitisha aniruke.