Kifurushi cha Matabishi

Miaka ile ya vita, pale Rumonge kando ya ziwa, faranga zilikuwa adimu, lakini bangi haikukosa wa kuipokea. Waliokimbia milimani waliibadilisha na chumvi, wanajeshi wakaitolea maharagwe. Keren, mjane wa kutoka Uvira, mwimbaji wa kwaya, aliuza ubuswage, mkate wa muhogo uliofungwa majani ya ndizi. Chini ya kitunga chake ilikaa bangi, imefungwa majani yale yale. "Mungu anaona watoto wangu," alijiambia, akaendelea kuimba.

Asubuhi moja risasi zililia upande wa Bugarama, soko likatawanyika. Lukeba, mvuvi jirani yake, alikuwa amekwisha kununua, ila hakuondoka.

"Mama Keren, na matabishi yangu?"

Muuzaji asiyeongeza kidogo juu, nani atarudi kwake? Keren aliingiza mkono kitungani bila kutazama, akamtupia kifurushi.

Kilifunguliwa ziwani, wavuvi wakigawana chakula: ndani hamkuwa na mkate, ila bangi. Azzan, mwenye mtumbwi, alikuwa ameapa kwamba mwenye bangi hapandi chombo chake. Walipofika ufukoni akamshusha Lukeba, asipande tena.

"Ilitoka kwa Mama Keren," Lukeba alilia.

"Yule wa kwaya? Sema basi ilitoka kwa pasta!" mvuvi mmoja alidhihaki, wenzake wakaangua kicheko.

Jioni mke wa Lukeba, Schékinah, alibisha kwa Keren, macho chini.

"Nisamehe, Mama. Bwana yangu amekuchafulia jina."

Keren aliinamia kitunga chake. Akampa mikate mitatu.

"Murakoze, Mama. Mungu akubariki. Kesho bwana yangu anaenda kubebea wanajeshi mizigo kule milimani. Iko njia gani ingine?"

Waliokwenda kubeba mizigo, wachache walirudi. Keren hakuweza hata kusali. Kila alipofumba macho, ile baraka ilimchoma.

Kulipopambazuka alishuka ufukoni, akamwaga kitunga mchangani mbele ya wote.

"Azzan, mwanangu, Lukeba hakudanganya. Ilitoka humu. Nilikosea kifurushi. Na kabla ya hapo nilikosea zaidi."

"Na Jumapili unatuimbia!" mmoja alimzomea.

Azzan alitazama ile bangi, kisha akamtazama mama yule.

"Mwiteni Lukeba," alisema, "kabla hajafika kwa wanajeshi."

Walimkuta barierini, kwenye kizuizi cha wanajeshi, kamba ya mzigo begani. Siku hiyo hiyo alipanda mtumbwi.

Kwaya ilimkataza Keren kuimba. Schékinah aliendelea kununua kwake, ila kila mkate aliufungua majani palepale, akauchungulia, ndipo akauweka kikapuni. Keren alimshikia majani.