Jino la Kupandikiza

Jino langu la mbele lilivunjwa na jiwe la kwenye wali. Mchele wangu mwenyewe, niliouchambua mwenyewe. Miaka yote nimewatambia wanunuzi kwamba mchele wangu wa Ngonga hauna chenga wala jiwe, kumbe Mungu naye ana utani wake. Jino lilipasuka mpaka mzizini, likang'olewa, na tangu hapo maneno yenye herufi "s" yakawa yanapita pengoni yakipiga filimbi.

Nikaanza kuziba mdomo kwa upindo wa kitenge, na watu wakanisifu. Naishi nyumbani kwa wazazi wa marehemu mume wangu, na kwetu Wanyakyusa mkamwana humtila mkwewe: baba mkwe hakuoni uso, hakusemeshi, na akitokea huku wewe unapita kule kwenye migomba. Wengi wa rika langu wameshaacha. Basi wanawake wa kwaya walipoona kitenge mdomoni wakasema, mtazameni huyu, ndiye mkamwana mwenye adabu. Adabu gani, pengo tu. Nikauvuta upindo juu zaidi.

Jino la kuvaa na kuvua kama kiatu sikulitaka. Nilipanda mpaka Mbeya kwa daktari wa meno, na kabla hajashika chombo chochote nikamwambia kwamba naishi na virusi vya UKIMWI na dawa nameza tangu mume wangu yu hai. Nilimtazama usoni nione kama atarudi nyuma. Hakurudi. Aliuliza kama navuta sigara, kama nina kisukari, kisha akasoma majibu yangu ya kliniki: virusi vimefubaa, havionekani kwenye kipimo. Akasema mfupa wa mtu wa namna yangu hushika kama wa mtu mwingine yeyote, ila hata huyo mwingine haahidiwi. "Meza dawa zako, piga mswaki, tusubiri." Akanifunga skrubu ndogo kwenye taya. Jino lenyewe lingekuja juu yake baada ya miezi, mfupa ukishaikamata.

Mama mkwe, mtu pekee pale nyumbani aliyejua habari ya dawa zangu, aliuliza ni jino gani hilo. Nikamwambia la kupandikiza.

"Kama mpunga?"

"Kama mpunga, mama."

"Basi usiliguseguse. Mche ukiguswaguswa haushiki."

Wakati wa mavuno akaja wifi yangu kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, anakouza vitenge. Ni mcheshi, na hakuna asilolijua. Siku moja tukimenya ndizi alitusimulia habari za mtu wa huko kwao aliyepandikizwa jino likatoka lenyewe. "Alikuwa mtu wa vidonge," akasema. "Wale damu yao inakataa chuma." Nilimchukia papo hapo, na nikamwamini. Kwa kuwa tulilala chumba kimoja, nilitia pamba kwenye chupa yangu ya dawa ili isilie ninapoichukua dirishani jioni. Nilimeza kama kawaida, kimya kimya. Kila nilipopiga mswaki nilipitisha ulimi juu ya skrubu nione kama inacheza. Niliogopa sana, maana ikilegea tu, wifi angejua kila kitu.

Siku ilipofika daktari aliigonga kwa mpini wa kile kioo chake kidogo, akasikiliza, akajaribu kuizungusha. Ikagoma. "Imeshika," akasema. Nikalia, nami si mtu wa kulia mbele za watu. Baadaye akaniwekea jino lenyewe, jeupe kidogo kuliko majirani zake.

Niliingia uani mdomo wazi. Mama mkwe akapiga vigelegele na kumshukuru Mungu, ndaga, ndaga. Wifi akanishika kidevu ili alione vizuri. Nikawa nasimulia safari, kila "s" ikitoka safi, ndipo sauti ya baba mkwe ikaja kutoka nyuma ya jiko. Tangu niolewe hakuwa amenisemesha hata mara moja. Akiwa na neno, alimtuma mkewe.

"Mkamwana, jino nimelisikia limerudi. Lakini siku hizi chupa yako siisikii. Umeacha?"

Walionitazama kila siku walidanganyika na kitenge, na yeye ambaye hakuwahi kuniona uso alikuwa akinisikiliza miaka yote: pengo lilipoingia, vidonge vilipolia dirishani, viliponyamaza. Wifi aliachia kidevu changu. Ningeweza kusema ni dawa za presha. Niliingia ndani, nikaitoa pamba, nikarudi uani na kuitikisa chupa mbele ya wifi mpaka kuku wakakimbia.

"Ndaga," akasema mzee nyuma ya jiko.